Tuna Kamati ya Operesheni na Kamati ya Mazishi. Kamati ya Kutembea Iko Wapi?



Leo si lile neno fupi la asubuhi mlilozoea. Weka chai karibu na usome mpaka mwisho, maana ninachoandika kinamhusu mtu unayemjua. Nataka tuzungumze juu ya moyo. Ule wa rohoni tunauhubiri kila Jumapili. Leo nazungumzia ule wa nyama, ulio kifuani mwako, unaopiga hata sasa unaposoma.

Ndugu yetu akipatwa na ugonjwa wa moyo, kanisa linajua la kufanya. Usiku huohuo kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa. Mwenyekiti anateuliwa, mweka hazina anatoa nambari ya M-Pesa, na kila jioni orodha ya waliotoa inawekwa. Tumefanya harambee tukapeleka watu mpaka India, wakapasuliwa kifua na kurudi hai. Na Bwana akimchukua mtu, kamati ya matanga inakutana kila jioni. Hema linapatikana, basi linapatikana, chakula kinapatikana. Hapo hatushindwi.

Lakini kuna kipindi cha katikati. Ndugu ametoka hospitalini, yu hai, amerudi nyumbani na mfuko wa dawa mkononi na hofu kifuani. Jumapili tunampokea kwa vigelegele. Anapewa kipaza sauti, anatoa ushuhuda, tunamtengea kiti cha mbele. Kisha tunamwacha hapo kwenye kiti.

Kamati ya operesheni tunayo. Kamati ya mazishi tunayo. Kamati ya kutembea naye iko wapi?

Nasema haya nikijihukumu mimi kwanza.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa kanisa letu alipata mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 58. Huyu ndiye aliyekuwa akifungua kanisa kabla ya jua kuchomoza, akipanga viti, akisimama mlangoni kusalimia kila mtu kwa jina. Madaktari walimtoa hatarini na kumwekea kimrija kidogo cha kuuweka wazi mshipa uliokuwa umeziba. Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani aliambiwa kuna kikundi cha wagonjwa wa moyo kinachokutana pale hospitalini mara mbili kwa wiki. Wanafanya mazoezi pamoja, wanafundishwa, wanasaidiana. Akaja kuniuliza.

"Pasta, wanataka nijiunge na kikundi cha wagonjwa wa moyo. Si nitakuwa nakiri ugonjwa?"

Wapendwa, hapo nilikuwa na nafasi ya kujibu vizuri. Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, wewe umeshapona kwa jina la Yesu. Pumzika nyumbani. Kazi ya mlangoni tutawapa vijana. Sisi tutakuwa tukikuombea."

Nilidhani nimemheshimu. Kumbe nimemfunga.

Baada ya miezi minne mke wake alikuja ofisini. Nilimkaribisha kiti, akakataa kukaa. Akasema, "Pasta, mlimwombea mzee asife, na kweli hakufa. Lakini haishi. Anaogopa ngazi. Anaogopa kubeba hata ndoo ya maji. Usiku halali, anausikiliza moyo wake unavyopiga. Hata mimi mkewe ananiogopa. Na dawa moja ameiacha kwa sababu jirani alimwambia inaharibu figo. Sasa niambie, Pasta, huu ndio uponyaji?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Wiki iliyofuata nilimchukua mzee, tukaenda wote kwenye kile kikundi.

Nilitarajia kukuta wagonjwa wamejilaza. Nilikuta watu 12 kwenye ukumbi mdogo, wamevaa raba, wanataniana. Kabla ya lolote muuguzi alimpima kila mmoja presha na mapigo ya moyo. Mmoja presha yake ilikuwa juu sana siku hiyo, akaambiwa akae atazame, hakuna kulazimisha. Kisha mtaalamu wa fiziotherapia akawaanzisha polepole. Wakanyoosha mikono, wakasimama na kuketi, wakasimama na kuketi, halafu wakatembea kuzunguka ukumbi. Kila mtu na mwendo wake aliopangiwa. Mwisho hawakusimama ghafla. Walipunguza mwendo kidogo kidogo mpaka mapigo yakatulia.

Nilimuuliza yule mtaalamu anajuaje kwamba mtu amezidisha. Akanijibu, "Ni rahisi, Pasta. Anayetembea awe anaweza kuongea na mwenzake, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, aongeze mwendo kidogo. Akishindwa kuongea, apunguze."

Nimefikiria jibu hilo mara nyingi. Ili ujue kama moyo wako uko salama, unahitaji mtu wa kuongea naye njiani. Mzee wetu alikuwa nyumbani kwake miezi minne akijipima peke yake.

Baada ya mazoezi waliketi kwa duara. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, mama mboga, na dereva wa matatu. Kulikuwa na dada wa miaka 34 ambaye moyo wake ulidhoofika alipojifungua. Kulikuwa na kijana ambaye valvu ya moyo wake iliharibika kutokana na ugonjwa ulioanza utotoni kama koo kuuma tu. Ndipo nilipojua kwamba tunaposema ugonjwa wa moyo ni wa wazee na wenye pesa, tunajidanganya.

Dereva ndiye aliyeanza. Alisema tangu alazwe alikuwa akiogopa kumkaribia mke wake, akidhani atafia hapohapo. Mzee wetu akainua kichwa. Miezi minne alidhani ni yeye peke yake chini ya jua. Muuguzi akaeleza bila aibu: kwa kawaida, mtu anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua na bila kukosa pumzi, moyo wake unaweza kumudu tendo la ndoa; na mwenye shaka amuulize daktari wake, asimeze dawa za kuongeza nguvu za kununua barabarani. Wapendwa, mimi nimefanya semina za ndoa kwa miaka mingi na jambo hilo sijawahi kuligusa.

Mzee akataja ile dawa aliyoiacha. Mama mboga akacheka, akatoa kidonge hichohicho kwenye kibeti chake. "Hii? Mimi huu ni mwaka wa tatu. Mimi pia nilitishwa. Usiache dawa kwa maneno ya jirani, baba. Muulize daktari." Daktari alikuwa amemwambia hayohayo, lakini yalipotoka kinywani mwa anayemeza kidonge kama chake, yalimwingia. Alirudia dawa yake wiki ileile, baada ya kuonana na daktari.

Sasa mtu ataniuliza, Pasta, mazoezi kwa mwenye moyo mgonjwa si hatari?

Hata madaktari waliwahi kufikiri hivyo. Zamani mtu akipata mshtuko wa moyo alilazwa kitandani wiki nyingi bila kuruhusiwa kuinuka. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Boston, Samuel Levine na Bernard Lown, waliwaeleza wenzao kwamba walikuwa wakiwaketisha wagonjwa wao kwenye kiti mapema, na wagonjwa waliendelea vizuri. Walipingwa vikali. Miaka 3 baadaye, Septemba 1955, Rais Eisenhower wa Marekani alipata mshtuko wa moyo. Daktari wake Paul Dudley White alikuwa mtu wa kuhimiza watu watembee, na alimrudisha rais kwenye shughuli hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata Eisenhower alichaguliwa tena, na aliishi mpaka 1969.

Leo ushahidi ni mwingi. Mwaka 2021 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 85 yenye wagonjwa zaidi ya 23,000 wa mishipa ya moyo. Waliofanya mazoezi chini ya mpango maalumu walipungukiwa na hatari ya kupata mshtuko mwingine na ya kurudishwa hospitalini, na walipofuatiliwa kwa muda mrefu wachache zaidi walikufa kwa ugonjwa wa moyo. Pamoja na hayo, karibu nusu ya nchi za dunia hazina huduma hii kabisa, na zilizo nayo nyingi hazina nafasi za kutosha. Kwetu Kenya utaipata kwa shida, hasa ukiwa mbali na hospitali kubwa.

Lakini sisi Wakenya vikundi si vigeni kwetu. Tuna vyama, tuna merigoraundi, tuna ushirika wa nyumbani. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi walitufundisha hili zamani: walipokutana, wakaongea waziwazi na kukumbushana dawa, watu waliokuwa wakingojea kufa wakasimama na kulea watoto wao. Magharibi mwa Kenya, mpango wa AMPATH unaofanya kazi na Chuo Kikuu cha Moi umejaribu vikundi vya watu wenye presha na sukari, wanaopimwa na kufundishwa pamoja na kuweka akiba pamoja. Kwa hiyo mbegu iko. Shamba pia liko: kumbi za kanisa zimefungwa kufuli kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee, maana ndilo linalowafunga wengi wenu. Je, kujiunga na kikundi cha wagonjwa ni kukiri ugonjwa?

Wapo watumishi wenzangu wanaofundisha kwamba ukisema "nina ugonjwa wa moyo" umeufungulia mlango. Nawapenda na ninawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao, na nitaeleza kwa Neno.

Soma Warumi 4. Paulo anasema Abrahamu aliutazama mwili wake mzee, akaona hali yake ilivyo, na imani yake haikulegea. Hakufumba macho. Imani inayoogopa kipimo cha presha haijafika kwa Abrahamu.

Soma Marko 2. Yule aliyepooza hakufichwa nyumbani kulinda ukiri wake. Watu wanne walimbeba juu ya mkeka mchana kweupe. Umati ukawazuia mlango, wakapanda darini, wakatoboa na kumshusha. Mji mzima uliona ugonjwa wake. Na Biblia inasema Yesu aliiona imani yao, wao wabebaji. Kisha akamwambia mtu yule ainuke, achukue mkeka wake, aende kwake kwa miguu yake. Sasa jiulize: mtu huyo angekuwa mshirika wetu, tungemtobolea dari, au tungemwambia abaki nyumbani tutamwombea?

Soma Yohana 11. Yesu alimwita Lazaro kaburini na Lazaro akatoka. Hiyo ni kazi ya Mungu peke yake. Lakini alitoka amefungwa sanda mikono na miguu, na Yesu akawaagiza waliosimama pale wamfungue. Soma pia Marko 5: binti Yairo alipofufuka, Bwana aliagiza apewe chakula. Muujiza umeshatendeka, na bado kuna kazi ya watu. Kimrija ndani ya mshipa ni sauti ya kumwita Lazaro. Kikundi ni mikono ya kumfungua sanda.

Naamini uponyaji. Nimeweka mikono juu ya wagonjwa na nimeona Mungu akitenda, na kesho nitaweka tena. Lakini sitaki tena kuona mtu aliyeokolewa na kifo akizikwa polepole ndani ya kiti cha heshima nilichompa mimi.

Basi haya ndiyo ninayoomba.

1. Wewe mwenye ugonjwa wa moyo: siku ya kliniki, muulize daktari, "Naweza kuanza mazoezi? Kuna kikundi hapa?" Usianze peke yako kwa sababu umesoma maneno ya Pasta. Kuna mioyo inayotakiwa kutulia kwanza, na daktari ndiye ajuaye. Unapotembea, ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, simama. Maumivu ya kifua yasipokwisha upesi ukipumzika, nenda hospitalini bila kungojea ibada iishe. Na kama moyo wako ni dhaifu, jipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, huenda ni maji yanajaa mwilini. Piga simu kliniki.

2. Dawa ni kila siku, hata siku ya mkesha. Kuhusu mfungo, usifunge kabla ya kuzungumza na daktari, hasa kama unameza dawa za kupunguza maji. Mungu hatakupunguzia neema. Funga simu yako, funga hasira yako, funga ugomvi na shemeji zako. Huo nao ni mfungo, na moyo utakushukuru.

3. Akina mama wa jikoni, nawapenda sana na chakula chenu nakijua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyo ndani ya mkate na vile vidonge vya kuongeza ladha. Tukila pamoja baada ya ibada, tuanze na sufuria moja ya chumvi kidogo. Na ndugu aliyetoka hospitalini tusimpelekee kreti ya soda kama zawadi.

4. Viongozi wa ushirika wa nyumbani: kila mwenye ugonjwa wa moyo aliyeruhusiwa na daktari wake apate watu wawili wa kutembea naye. Anzeni na dakika 10 kwenye njia tambarare, muongeze kadiri alivyoelekezwa. Kumbukeni kipimo: kuongea ndiyo, kuimba hapana. Mhubiri 4 inatwambia wawili ni bora kuliko mmoja, kwa maana mmoja akianguka mwenzake humwinua. Na asipotokea siku moja, mpigieni simu.

5. Wachungaji wenzangu: ukumbi wako hauna kazi Jumanne asubuhi. Nenda hospitali ya kaunti, waone watu wa fiziotherapia, uwaulize wanahitaji nini. Sisi tusijifanye wataalamu. Wao walete ujuzi, sisi tulete ukumbi, viti, mashine ya kupima presha na nauli. Nauli, wapendwa. Wengi hawaachi kikundi kwa kukosa imani. Wanaacha kwa kukosa mia mbili ya matatu. Kanisa lililoweza kuchanga mamilioni ya operesheni halitashindwa na mia mbili.

6. Na msiache kuuliza habari za ndani. Takriban mtu 1 kati ya 5 waliopata mshtuko wa moyo huingia kwenye huzuni nzito. Mtu huyo ukimwona analia kirahisi, hataki watu, hali, halali, usikimbilie kukemea pepo. Kaa naye. Omba naye. Kisha mpeleke kwa anayeweza kumtibu, kwa sababu hiyo huzuni nayo ina tiba.

Mzee wetu alikaa kwenye kikundi kile wiki 12. Hajawa kijana. Bado anameza dawa, na kuna siku presha inapanda na anaambiwa akae atazame. Lakini Jumapili iliyopita nilifika kanisani mapema, nikamkuta mlangoni mahali pake pa zamani. Viti vizito wanabeba vijana. Yeye anasalimia. Alinishika mkono akaniambia, "Pasta, leo nimekuja kwa miguu. Mama tulikuwa tunaongea njia nzima."

Niliingia ofisini nikafunga mlango, nikamshukuru Mungu na nikatubu tena.

Tuombe. Baba, tunawaleta mbele zako wote ambao moyo wao umechoka. Wape madaktari hekima, wape wagonjwa ujasiri wa kusema ukweli, na sisi utupe miguu ya kutembea nao. Utusamehe pale tulipowakalisha wale uliowainua. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kwenu kuna mtu aliyetoka hospitalini kwa ugonjwa wa moyo, usiandike jina lake hapa hadharani. Niandikie faragha. Na kama uko tayari kuwa mmoja wa wawili watakaotembea naye, andika hapa chini: NITATEMBEA.

Mungu awabariki. Ni mimi mtumishi wenu katika Kristo.